Zahanati Ipimwe Usiku

"Je, kituo kina mashine ya kupimia presha?" Mtathmini anauliza, muuguzi anajibu ipo. Mtathmini mwenye bidii anaomba aione kwa macho yake, na kweli anaoneshwa: imo kwenye kabati la mganga mfawidhi, na leo kabati liko wazi kwa sababu ugeni ulitangazwa tangu wiki iliyopita. Tiki. Swali linalofuata ni la mzani wa watoto. Dodoso halina pa kuandika kwamba kabati hilo hufungwa saa tisa na nusu alasiri, mfawidhi anapoondoka na ufunguo wake, wala kwamba uchungu wa uzazi haufuati saa za kazi za serikali.

Hatuna upungufu wa tathmini za vituo vya afya Tanzania. Utafiti mkubwa wa utoaji wa huduma, ule unaojulikana kwa ufupisho wa SPA, ulifanyika mwaka 2006, ukarudiwa 2014 hadi 2015 katika vituo karibu 1,200. Benki ya Dunia ilikuja na wake mwaka 2010. Shirika la Afya Duniani lina chombo chake cha SARA, ambacho nacho kimetumika nchini, na sasa linahimiza nchi zitumie dodoso moja lililounganishwa. Katikati ya hayo yote serikali ikaanzisha mfumo wa kuvipa vituo nyota chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Kila tathmini ina dodoso lake, semina yake ya wadodosaji, posho zake, na ripoti yake yenye jalada la rangi inayozinduliwa hotelini.

Ninacholalamikia ni jinsi zana hizi zinavyohesabu. Zinahesabu vitu, ilhali mgonjwa anahitaji vitu hivyo vimkute kwa wakati mmoja, mahali pamoja, mikononi mwa mtu anayejua kuvitumia na ambaye yuko zamu.

Kabla sijaendelea, haki itendeke kwa mfumo wa nyota. Mwaka 2015 hadi 2016 wizara ilituma wataalamu wake katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya karibu 7,000. Hawakuchukua sampuli, walikusudia kupita kila kituo. Theluthi moja ya vituo ilipata nyota sifuri, na vilivyofikia nyota tatu havikufika hata vitano katika kila mia. Inahitaji moyo serikali kujipima yenyewe na kutangaza matokeo ya namna hiyo. Tena kila kituo kiliachiwa mpango wake wa maboresho, jambo ambalo tafiti za sampuli haziwezi kulifanya kwa sababu hazikusudii kumsaidia mfawidhi wa zahanati fulani, zinakusudia kuchora picha ya taifa. Tathmini ya marudio ya 2017 hadi 2018 ilionesha vituo vya nyota sifuri vimepungua mno. Lengo la kuwa na asilimia 80 ya vituo vyenye nyota tatu kufikia mwaka 2018 halikufikiwa, lakini safari ilikuwa imeanza.

Hata hivyo, nyota ni nyota ya siku ile. Nitarudi hapo.

Tuangalie kwanza hesabu yenyewe. Chombo cha SARA, ambacho mantiki yake imeenea katika tathmini nyingi za nchi zinazoendelea, hupima utayari wa jumla wa kituo kwa makundi matano: huduma za msingi za jengo kama maji na umeme, vifaa vya msingi, kinga dhidi ya maambukizi, vipimo vya maabara, na dawa muhimu. Kundi la vifaa vya msingi lina vitu sita: mzani wa watu wazima, mzani wa watoto, kipimajoto, stethoskopu, mashine ya presha na taa ya kumulikia. Kila kitu kina uzito sawa na mwenzake. Kituo chenye vitano kati ya sita kinapata asilimia 83, na alama hiyo haibadiliki kilichokosekana kikiwa ni mzani au taa. Kisha unachukuliwa wastani wa makundi yote matano. Piga hesabu mwenyewe: kituo kisicho na kipimo hata kimoja cha maabara, si cha malaria, si cha sukari, si cha mkojo, kikijaza makundi mengine manne, kinatoka na asilimia 80. Mtoto akirudi kutoka shuleni na alama hizo anachinjiwa kuku.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Wastani haujali pabovu ni wapi; unajumlisha unene wa kamba yote na kukupa jibu la kufurahisha.

Chukua dharura moja tu, kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, mojawapo ya sababu kubwa zinazowaua akina mama duniani. Zahanati ya kijijini, saa nane usiku. Mtoto ametoka salama, kondo la nyuma limetoka, na mama anaendelea kutoka damu. Jambo la kwanza ni mkunga kutambua kwamba damu hii imezidi. Kwa miaka mingi wakunga wamekuwa wakikisia kwa macho, wakiangalia khanga na mashuka yaliyolowa, kwa mwanga wa taa au wa tochi ya simu. Baada ya kutambua, anahitaji oksitosini. Oksitosini si suala la kuwemo stoo tu. Inatakiwa itunzwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, maana yake jokofu liwe linafanya kazi na umeme au sola isiwe imekatika tangu juzi. Anahitaji sindano, dripu, glovu, na mikono ya pili, kwa sababu mkunga mmoja hawezi kukanda mfuko wa uzazi, kutafuta mshipa na kumhudumia kichanga kwa wakati mmoja. Damu isipokoma, anahitaji usafiri. Hapo tumepiga hatua: mfumo wa m-mama, kwa simu ya bure ya namba 115, huita gari la wagonjwa, na lisipopatikana huita dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Lakini simu hiyo nayo inahitaji mtandao, dereva anahitaji barabara inayopitika masika, na hospitali anakopelekwa mama inahitaji damu kwenye benki yake na mtu wa kuingia chumba cha upasuaji.

Zana zetu zinauliza karibu kila kitu nilichokitaja hapo. Zinakiuliza kimoja kimoja, katika kurasa tofauti, kisha zinavitenga katika makundi tofauti ya alama. Oksitosini inakwenda kundi la dawa. Jokofu linakwenda kwingine. Mtu wa zamu ya usiku yumo kwenye jedwali la watumishi, ambalo linaeleza ni wangapi wameajiriwa, si nani alikuwa macho usiku wa kuamkia jana.

Kuna watu wamejaribu kuhesabu kwa namna nyingine, na hawakuwa mbali nasi. Katika kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, watafiti walichukua dharura za uzazi na kuzifuata hatua kwa hatua: je, kituo kinaweza kuitambua dharura, kinaweza kuitibu, kinaweza kumfuatilia mama na kubadilisha tiba inapobidi? Kituo kilihesabiwa kuwa tayari katika hatua ya pili ikiwa tu kilikuwa na vyote vya hatua ya kwanza. Walipolinganisha na hesabu ya kawaida, waligundua kwamba hesabu ya kawaida inavisifu vituo kupita kiasi, na kwamba utayari ulizidi kupungua kadiri hatua zilivyosonga mbele. Taarifa ya namna hiyo mganga mkuu wa wilaya anaweza kuifanyia kazi kesho asubuhi. Haimwambii ana asilimia 64. Inamwambia zahanati zake kumi na moja zina dawa ya kifafa cha mimba lakini hazina mashine ya presha ya kugundua mama yupi anaihitaji.

Wakati mwingine kiungo kinachokosekana ni kitu cha bei ndogo ambacho hakikuwahi hata kuingizwa kwenye orodha. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 baada ya kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu, ulitumia mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, unaowekwa chini ya mama ili damu ikusanyike na isomwe badala ya kukisiwa. Pamoja na mfuko huo wakunga walifundishwa kutoa tiba zote kwa mpigo bila kusubiri moja ishindwe ndipo waanze nyingine. Matukio ya damu kutoka kwa kiwango cha hatari, kufanyiwa upasuaji kwa sababu yake, au kifo, yalipungua kwa asilimia 60. Hospitali hizo zilikuwa na oksitosini hata kabla ya utafiti. Kwa dodoso la kawaida zilikuwa tayari.

Hapa ndipo penye jambo gumu zaidi, nalo ni mikono ya watu. Mwaka 2017 watafiti walitumia takwimu za SPA kutoka vituo zaidi ya 4,000 vya nchi nane, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, wakauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: je, kituo chenye majengo na vifaa bora ndicho kinachomhudumia mgonjwa vizuri zaidi? Uhusiano walioukuta ulikuwa dhaifu. Kituo chenye vifaa vingi hakikuwa lazima kimpime mjamzito presha, na chenye vichache kuna mahali kilifanya vizuri kukizidi. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukipima kitu kimoja na kuripoti kana kwamba tumepima kingine.

Wala si lazima twende mbali kutafuta sababu. Mkoani Arusha, miaka ya mwanzo ya 2000, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walifuatilia jinsi madaktari na matabibu wanavyowahudumia wagonjwa wa nje. Mara tu mtafiti alipoketi chumbani, ubora wa huduma ulipanda: maswali yaliongezeka, mgonjwa alipimwa ipasavyo. Kisha, wagonjwa walivyozidi kupita na daktari akamzoea mgeni wake, ubora ulirudi pale pale ulipokuwa. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini siku bosi mkubwa anapotembelea anaelewa. Ujuzi walikuwa nao, na waliutumia walipoona wanatazamwa.

Haydom, mkoani Manyara, kulipatikana funzo linalofanana na hilo upande wa vichanga. Wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Kwenye mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri sana baada ya semina. Leba, kwa watoto halisi, hakuna kilichobadilika. Ilipofika zamu ya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, humo humo kazini, ndipo vifo vilipoanza kupungua. Mbegu hiyo ilikua hadi kuwa mpango wa hospitali 30 katika mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambao matokeo yake yalichapishwa mapema mwaka 2025: vifo vya akina mama vilipungua kwa asilimia 75, na vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 40. Dodoso linalouliza "je, yupo mtumishi aliyehudhuria mafunzo ya kuhudumia vichanga ndani ya miaka miwili iliyopita" lingewapa wale wa semina ya siku moja tiki ile ile.

Kwa hiyo ningependa dodoso lijalo liwe na mwanasesere ndani yake. Mtathmini afike, aseme: mtoto huyu amezaliwa sasa hivi, hapumui, nioneshe. Saa ianze kuhesabu. Mfuko wa kumpumulisha uko wapi, barakoa ya ukubwa wake ipo, nani anaushika, dakika ya kwanza inaisha mtoto akiwa anapata hewa au bado mtu anatafuta? Zoezi kama hilo la dakika tano linaeleza vifaa, mpangilio wa chumba, ujuzi na ushirikiano wa watumishi kwa pamoja, kuliko kurasa kumi za ndiyo na hapana. Wenzetu wa huduma za dharura za uzazi walikaribia wazo hili siku nyingi: wao huhesabu kazi saba za msingi, kama kutoa kondo kwa mkono au kumzalisha mama kwa kifaa cha kuvuta mtoto, na huuliza kama kazi hiyo imefanyika ndani ya miezi mitatu iliyopita. Kitendo, si kifaa. Pungufu lake ni kwamba zahanati ndogo inaweza kupitisha miezi mitatu bila dharura ya namna hiyo, ikaonekana haiwezi. Mwanasesere anaziba pengo hilo.

Na tathmini ifanyike pia usiku, bila taarifa.

Najua neno "kushtukiza" limeharibika nchini kwetu. Watumishi wa afya wamekwishaona ziara za kushtukiza za viongozi waliofuatana na kamera, muuguzi akagombezwa mbele ya wagonjwa wake na kusimamishwa kazi kwa kukosa dawa ambazo hakuwa na uwezo wa kuzileta. Hiyo ni siasa, wala haijapima chochote. Ninachozungumzia ni ugeni usiotangazwa wa wataalamu wawili, pengine wafawidhi wa vituo vya wilaya jirani, wenye utaratibu unaojulikana mapema na adhabu au msaada unaojulikana mapema. Kenya walijaribu ukaguzi wenye kanuni zilizo wazi katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru, katika vituo zaidi ya 1,000 vya umma na vya binafsi. Vituo viligawanywa kwa kura, vingine vikaguliwe kwa nguvu na onyo na muda wa kurekebisha, vingine viendelee kama kawaida. Alama za usalama wa wagonjwa zilipanda kwenye vilivyokaguliwa, na wagonjwa hawakutozwa zaidi kwa sababu hiyo.

Tofauti kati ya ziara iliyotangazwa na isiyotangazwa inajulikana na kila aliyefanya kazi zahanati. Siku ya ugeni sakafu inang'aa, sanduku la maoni limepakwa rangi, kipimajoto kimeazimwa kituo cha jirani, na mhudumu aliyekuwa likizo ameitwa arudi. Hakuna ubaya wa moyo katika hilo. Ni adabu ya Mswahili kumpokea mgeni nyumba ikiwa safi. Ila mgeni huyu amekuja kuuliza hali ya nyumba siku asipokuwepo. Kadiri fedha au sifa zinavyofungwa kwenye nyota, ndivyo maandalizi ya ugeni yanavyozidi kuwa makubwa.

Wa mwisho kuulizwa, kama anaulizwa kabisa, ni mgonjwa. Tafiti nyingi humsubiri getini anapotoka. Mama amembeba mtoto mgongoni, anajua kesho kutwa atarudi hapo hapo kwa chanjo, na mwenye dodoso amevaa kitambulisho shingoni kama watumishi wa ndani. Atasema nini zaidi ya "huduma ni nzuri, tunashukuru"? Mpigie simu wiki mbili baadaye, au muulize kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii asiye wa kituo kile. Usimuulize kama ameridhika. Muulize alisubiri muda gani, alipimwa presha au hakupimwa, aliambiwa akanunue nini duka la dawa, na alilipia nini ambacho hakupewa risiti yake. Majibu hayo ni ya kweli hata kama mama ni mwenye heshima kupindukia.

Umuhimu wa haya umeongezeka kwa sababu akina mama wameitikia wito wetu. Utafiti wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 63 ya watoto wanazaliwa vituoni. Ule wa 2022 ulikuta 81. Katika kipindi hicho makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, mafanikio makubwa kwa kipimo chochote. Lakini vifo vilivyobaki vinazidi kuwa vifo vya ndani ya vituo na njiani kati ya kituo na kituo. Tume ya jarida la Lancet iliyoripoti mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watu milioni 5 kwa mwaka hufa wakiwa wamefika kwenye huduma na kukuta huduma mbovu, idadi kubwa kuliko ya wanaokufa kwa kutofika kabisa. Kumhimiza mjamzito aje kujifungulia kituoni ni ahadi. Zana ya kutathmini ndiyo inayopaswa kutuambia kama ahadi hiyo inatimizwa.

Hoja ya gharama itakuja, na ni ya kweli: dodoso refu humaliza siku nzima au zaidi kwenye kituo kimoja, magari, mafuta, posho. Jibu langu ni kulifupisha. Dharura tatu zinatosha kuifahamu zahanati: damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto asiyepumua, na mtoto mwenye homa kali na degedege. Dawa na idadi ya wagonjwa zimo tayari kwenye madaftari ya MTUHA, yaani ya taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, na kwenye mfumo wa kielektroniki unaopokea takwimu hizo kila mwezi. Hakuna sababu ya kumkalisha muuguzi saa nzima akiyasoma upya kwa sauti. Tathmini kubwa ya taifa iliyokaa miaka minane kati ya moja na nyingine inawafaa zaidi wanahistoria. Afadhali ndogo ya saa mbili, mara mbili kwa mwaka.

Na matokeo yabaki kituoni. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya vinapokea fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati za usimamizi za vituo, ambamo wanakijiji wanakaa, zina sauti kwenye matumizi yake. Kamati ikijua kwamba kiungo kilichokatika ni betri ya sola ya jokofu, inaweza kuinunua mwezi huo bila kusubiri ripoti ya Dodoma. Ikijua tu kwamba kituo chao kina nyota mbili, itafanya nini? Itapaka rangi jengo, kwa sababu rangi ndiyo inayoonekana.

Wizara ya Afya na TAMISEMI wana watu wanaoyajua haya yote, baadhi yao ndio waliofanya tafiti nilizozitaja. Kabla hawajachapisha dodoso la awamu ijayo, naomba wachague wilaya moja na waijaribu tathmini ya dharura tatu, saa nane za usiku, bila barua ya kutangulia, na karatasi ya matokeo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila zahanati ndani ya wiki moja, kwa Kiswahili ambacho mjumbe wa kamati anaweza kukisoma na kuuliza maswali.